Figo ilitolewa miaka 11 iliyopita, leo uvimbe uko shingoni: inawezekanaje?

Swali: Kamwene daktari. Mimi niko Makambako. Baba yangu ana miaka 67, alitolewa figo ya kulia miaka 11 iliyopita kwa sababu ya kansa, akapona, akarudi shambani kama kawaida. Mwaka jana akaanza kuota uvimbe shingoni upande wa kushoto. Huku kwetu goita ni kitu cha kawaida, hata bibi alikuwa nayo mpaka anafariki, so hatukushtuka. Sasa umekua haraka na bega la kulia linamuuma usiku, anakunywa diclofenac. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya shingo, na daktari kijana aliyemwona kasema anahofia ni kansa ya figo imehamia pale. Kaka zangu wamekataa kabisa, wanasema figo ilikuwa kiunoni, tena ilishatolewa, itafikaje shingoni leo? Wanataka akakatwe hiyo goita yaishe. Je inawezekana kweli? Na sisi watoto tupimwe?

Jibu: Kamwene dada yangu, pole sana na mpe pole mzee. Nianze na huyo daktari kijana maana naona mmemweka kwenye kona: kawaza sawasawa kabisa. Mimi sijamshika mzee shingo wala sijaona picha zake, kwa hiyo siwezi kusema ni kansa ya figo, na yeye hajasema ndiyo, kasema anahofia. Mtu aliyewahi kutolewa figo kwa kansa akiota kitu kipya, popote pale kuanzia utosini mpaka kwenye kidole cha mguu, hofu ya kwanza inatakiwa iwe hiyohiyo mpaka kipimo kiseme vingine, na miaka 11 haiifuti hiyo hofu. Hili ndo jambo kubwa nataka kaka zako walisikie kabla ya mengine yote.

Nawaelewa lakini. Ukanda wetu huu wa Iringa, Njombe, Mbeya mpaka Rukwa umekuwa na goita kwa miaka mingi, ardhi ya milimani madini joto yake ni haba, mvua imeyaosha, chakula kinachoota hapo nacho kinakosa. Ndo maana miaka ya 80 serikali ikawa inagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika, baadaye likaja suala la chumvi kuwekwa madini joto. Wazee wa umri wa baba yako wamekulia kwenye hayo mazingira, kwa hiyo mzee mwenye shingo iliyovimba huku kwetu hamshtui mtu, na mara nyingi kweli inakuwa goita tu. Ila goita ya kawaida inakua polepole miaka na miaka, mara nyingi inachukua pande zote. Uvimbe wa upande mmoja, umri huo, umekua haraka ndani ya mwaka, na historia ya kansa nyuma yake, hapo mazoea inabidi tuyaweke pembeni. Na kuna kitu kingine watu hawakijui: kuwa na goita hakumkingi mtu, imeshaonekana kansa ya figo ikaenda kujipandikiza ndani ya tezi ambayo tayari ilikuwa na goita, yaani mtu anakuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Sasa hilo swali la kaka zako, figo iko kiunoni itafikaje shingoni. Ni swali la maana na lina majibu.

Kwanza, kansa ikishaanza kusambaa haitambai kwa jirani tu, inasafiri kwenye damu. Na figo ni kiungo kinachooshwa na damu kupita kiasi, karibu sehemu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma inapita kwenye figo mbili, hiyo ni kama lita moja kila dakika. Halafu kansa ya figo ya watu wazima ile ya kawaida zaidi, ambayo chembe zake chini ya hadubini zinaonekana nyeupe kama zina maji ndani, ina tabia yake: karibu zote zimepoteza jeni inayoitwa VHL. Hii jeni kazi yake ni kuzima kengele ya "oksijeni imepungua". Ikiharibika, kengele inalia muda wote, chembe zinadhani zinakosa hewa, zinatoa kemikali za kuita mishipa ya damu iote. (Wanasayansi watatu, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel 2019 kwa kueleza jinsi chembe zinavyotambua kiwango cha oksijeni, na njia hiyo ndo hasa imeharibika kwenye kansa hii.) Matokeo yake uvimbe unajaa mishipa laini inayovuja, na chembe zikichomoka hazina safari ndefu, zinadondokea kwenye damu moja kwa moja. Tena kansa hii inapenda kuingia ndani ya mshipa wa vena wa figo wenyewe, kuna wagonjwa inapanda kama kamba ndani ya mshipa mkuu wa tumboni hadi kwenye chumba cha moyo.

Pili, njia. Damu inayotoka figoni inarudi kwenye moyo, inaenda mapafuni, na mapafu yanachuja. Ndo maana mapafu ndo sehemu ya kwanza kabisa kansa ya figo inapoenda, kisha mifupa, tezi za limfu, ini, ubongo, na ile tezi ndogo iliyokaa juu ya figo. Hizo ndo sehemu za kawaida. Ila kuna njia nyingine, nayo ni mtandao wa vena uliozunguka uti wa mgongo kuanzia nyonga mpaka kwenye fuvu, ulielezwa vizuri na daktari Mmarekani Oscar Batson mwaka 1940. Hizi vena hazina vali, damu inaweza kwenda juu au chini kutegemea na presha, mtu akikohoa, akijikamua chooni, akinyanyua gunia la viazi, damu inarudi upande mwingine. Chembe ikipita humo inafika kichwani na shingoni bila kukanyaga mapafu kabisa, kama malori yanayokwepa mizani hapo kwenu Makambako kwa njia za panya. Kwa hiyo mtu anaweza kupigwa picha ya kifua ikawa safi kabisa huku shingoni kuna kitu, na picha safi ya kifua isiwafanye mseme daktari kakosea.

Tatu, sio kila mahali chembe ikitua inaota. Daktari wa Kiingereza, Stephen Paget, alishasema mwaka 1889 alipokuwa anachunguza kansa ya matiti, kwamba kuna viungo vinaipokea kansa na vingine vinaikataa, haiendi kiholela. Tezi ya shingo nayo ina damu nyingi mno kwa ukubwa wake. Na hapa ntawaambia kitu ambacho huenda kikawashangaza kaka zako: kansa kutoka viungo vingine kuhamia kwenye tezi ya shingo mpaka ikaonekana kama uvimbe ni jambo la nadra, lakini ikitokea, figo ndo inaongoza kuwa chanzo. Yaani kati ya viungo vyote, ni figo. Kwahiyo daktari kijana hakuokota jina hewani.

Na kuhusu muda. Kansa nyingi ukivuka miaka 5 unashusha pumzi. Ya figo haina adabu hiyo. Inaweza kurudi baada ya miaka 10, na wapo waliorudiwa baada ya zaidi ya miaka 20, mgonjwa mwenyewe ameshasahau ana kovu ubavuni. Chembe zilitoka kabla figo haijakatwa, zikaenda mahali zikalala, hazikui wala hazifi, halafu kwa sababu ambazo mtu mwenyewe hahusiki nazo zikaamka. Kwa hiyo kusema "figo ilishatolewa" ni kweli, na upasuaji ule ulifanya kazi yake, umempa mzee miaka 11 ya afya, ila haukuweza kukusanya vilivyokuwa vimeshasafiri.

Nitoke kidogo nje ya shingo, kwa sababu najua jibu hili litasomwa na wengine wenye wagonjwa wa namna hii, na sehemu za ajabu inakotokea kansa hii ndizo zinazowapotezea watu miezi. Pua, kwa mfano. Baridi ya Juni na Julai huku, vumbi, hewa kavu, watu wengi wanatoka damu puani, wanaambiwa ni baridi. Sawa. Ila mtu mwenye historia ya kansa ya figo, damu inatoka puani kila mara, upande uleule, na pua hiyo imeziba, huyo aangaliwe ndani ya pua na sainasi kwa kipimo cha CT. Kati ya kansa zinazotoka chini huko tumboni na kifuani kuja kwenye pua na sainasi, ya figo ndo ya kwanza. Fizi na ulimi vilevile, kinyama chekundu kinaota kwenye fizi kinavuja damu, mtu anaenda kung'oa jino, damu haikatiki. Ngozi ya kichwa, kinundu chekundu au cha zambarau, ukikishika unahisi kinadunda kama mshipa. Ncha ya kidole inavimba inauma, watu wanasema mdudu wa kidole, anapewa antibayotiki wiki baada ya wiki, kumbe mfupa wa ndani unaliwa. Jicho linasukumwa mbele. Mwanamke aliyekoma hedhi anatoka damu ukeni. Misuli ya paja. Mfuko wa nyongo. Utumbo mdogo, mtu anaishiwa damu na choo kinakuwa cheusi, anatibiwa vidonda vya tumbo. Kongosho pia, na hii nayo figo ndo chanzo namba moja pale kongosho linapopata kansa ya kuhamia peke yake, ila cha kutia moyo ni kwamba za kongosho huwa zinakua taratibu na watu wanaishi nazo miaka mingi.

Zote hizo ni nadra, sitaki mtu asome hapa halafu kila akipenga kamasi yenye damu aanze kuandika wosia. Nazungumzia mtu ambaye ana historia ya figo. Huyo kila anapokaa mbele ya mhudumu wa afya, hata kwenye zahanati, hata kwa daktari wa meno, sentensi ya kwanza iwe "niliwahi kutolewa figo kwa kansa". Asisubiri aulizwe, hataulizwa.

Turudi kwa mzee. Hilo wazo la "akakatwe goita yaishe" naomba mlisimamishe kwanza. Sababu ya kwanza ni damu. Nimeeleza hivi vivimbe vimejaa mishipa, ukichanja bila kujua unachochanja, damu inaweza kukushinda hapohapo, na shingoni hakuna nafasi, damu ikijikusanya inabana njia ya hewa. Daktari wa upasuaji anayejua anachokwenda kukutana nacho anajiandaa, anaagiza damu, wakati mwingine mishipa inayolisha uvimbe inazibwa kabla. Sababu ya pili ni kwamba upasuaji wa shingo unaweza ukawa ndo tiba nzuri kabisa kwake, lakini tukishajua kama kuna kwingine. Ukikata shingo halafu baadaye ukagundua mfupa wa bega umeshaingiwa, umemchosha mzee kwa kitu kisichokuwa cha kwanza.

Na hilo bega ndo linanisumbua mimi kuliko hata shingo. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku, ambayo kupumzika hakuyatulizi, kwa mzee mwenye historia hii, sio ya jembe mpaka picha iseme. Kansa ya figo ikiingia kwenye mfupa inaula, inauacha mwepesi, mkono unaweza kuvunjika kwa kufungua mlango tu. Apigwe eksirei ya bega na mfupa wote wa juu wa mkono mapema, na kabla ya hapo asinyanyue mizigo kwa mkono huo. Halafu diclofenac aache leo. Ana figo moja, na diclofenac na ndugu zake kama ibuprofen zinaitesa figo na kupandisha presha. Atumie paracetamol kwa kipimo sahihi, isipotosha hospitali wana dawa za juu yake, mpaka morfini ya kunywa, ambayo watu wanaiogopa bure, ni dawa ya maumivu ya kansa na inampa mtu usingizi. Dawa za mizizi nazo, sijui za kusafisha figo, sijui za kuyeyusha uvimbe, kwa mtu wa figo moja naziogopa kwa sababu hiyohiyo, hata kama aliyewaletea anawapenda.

Vipimo sasa. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kwenu sio mbali, na mkiwa na uwezo au rufaa ya kwenda Dar basi Muhimbili na Ocean Road. Aombewe CT ya shingo, kifua, tumbo na nyonga kwa pamoja, na kabla ya ile dawa inayochomwa kwenye mshipa ili picha ionekane, figo yake ipimwe kwa damu kwanza, kriatinini, wamwambie na mpiga picha kwamba ana figo moja. Wapime kalsiamu kwenye damu, kansa hii inaweza kuipandisha, na mtu mwenye kalsiamu ya juu anakuwa na kiu, choo kigumu, anachanganyikiwa, watu wanasema uzee. Wingi wa damu, ini, na homoni za tezi pia, ingawa homoni hizo mara nyingi zinakuja sawa hata kama kansa imo ndani ya tezi, kwa hiyo majibu ya homoni kuwa mazuri yasiwatulize.

Halafu sindano. Kipande kidogo kichukuliwe kwenye uvimbe kwa sindano nyembamba, ikiongozwa na ultrasaundi, kipelekwe patholojia. Hapa kuna mtego. Chembe za kansa ya figo zikiwa shingoni zinaweza kufanana sana na aina fulani za uvimbe wa tezi yenyewe, na anayeangalia kwenye hadubini kama hajaambiwa historia anaandika "uvimbe wa tezi" kwa nia safi kabisa. Kwahiyo kwenye karatasi ya maombi iandikwe wazi kwamba mgonjwa alitolewa figo kwa kansa mwaka fulani. Kuna vipimo vya rangi maalum vinavyotenganisha, uvimbe uliotokana na tezi huwa unaonyesha protini ya thairoglobulini, wa figo hauna. Na kama mnayo ile karatasi ya patholojia ya upasuaji wa kwanza, itafuteni hata kama iko chini ya sanduku la bibi, ni dhahabu. Kama haipo, nendeni hospitali alikopasuliwa muulize maabara, vipande vya zamani mara nyingi vinahifadhiwa kwenye nta kwa miaka na vinaweza kulinganishwa na hiki kipya.

Ikithibitika ni ya figo, sio mwisho wa mambo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kama iko shingoni peke yake, kuikata ni jambo linalofanyika na lina faida ya kweli. Kwenye taarifa za wagonjwa waliotolewa kansa ya figo iliyohamia sehemu moja tu, takriban theluthi moja au zaidi walikuwa hai miaka 5 baadaye, na waliokaa muda mrefu kabla haijarudi, kama baba yako, ndo wanaofanya vizuri zaidi. Hiyo miaka 11 ambayo kaka zako wanaitumia kukataa, kwa daktari ni habari njema. Kama iko na kwenye mfupa wa bega, mionzi inapunguza maumivu, na mfupa unaweza kuimarishwa kwa chuma kabla haujavunjika. Zile kemo za kawaida ambazo watu wanazijua, za kunyonyoka nywele, haziisaidii kansa hii, kwa hiyo mkisikia mtu anawauzia hizo ulizeni mara mbili. Na ile iodini yenye mionzi inayotumika kwa kansa ya tezi yenyewe haifanyi kazi hapa, ndo sababu nyingine ya kutaka jina sahihi la ugonjwa kwanza.

Dawa zinazofanya kazi ni za aina mbili. Kuna vidonge vinavyokata mishipa ya damu ya uvimbe, kama sunitinib, ambayo ilianza kutumika 2006, na pazopanib. Zinapandisha presha, zinachosha, viganja na nyayo vinaweza kuchubuka, lakini anakunywa akiwa nyumbani. Na kuna dripu za kuamsha kinga ya mwili, kama nivolumab, ambazo tangu 2015 zimebadilisha kabisa habari ya ugonjwa huu huko nje. Bei zake zinaumiza, sitawaficha, na bima hazifanani kwa kinachokubaliwa, so hilo muulizeni mapema kwa watu wa bima na ustawi wa jamii hospitalini kabla hamjauza shamba. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa ni mdogo na unakwenda polepole, daktari anaweza hata kuamua kuangalia tu kwa picha kila baada ya miezi michache bila dawa, msidhani ametelekezwa.

Kuna mambo hayasubiri tarehe ya kliniki. Sauti ikikauka ghafla, akianza kupumua kwa mlio au kushindwa kumeza, akikohoa damu, akichanganyikiwa au kupata degedege, miguu ikilegea au kufa ganzi, mkojo ukagoma kutoka, hapo ni kumbeba siku hiyohiyo. Miguu kulegea hasa, uti wa mgongo ukibanwa kuna masaa tu ya kuokoa kutembea kwake.

Kuhusu nyinyi watoto. Kansa nyingi za figo hazirithiwi, za kurithi ni chache, na huwa zina alama zake: mgonjwa alianza akiwa kijana, ilikuwa kwenye figo zote mbili au vivimbe vingi, au ukoo una watu kadhaa wenye kansa ya figo au vivimbe vya ubongo na macho. Baba yako alikuwa na miaka 56, figo moja, na hujaniambia kuna mwingine kwenye ukoo. Kwa hali hiyo sioni haja ya kuhangaika na vipimo vya jeni. Ultrasaundi ya tumbo mara moja kwa kila mmoja wenu haina ubaya na haina gharama kubwa, kama itawapa usingizi fanyeni. Kikubwa pimeni presha, na yule kaka anayevuta sigara kama yupo aache, maana sigara, presha na uzito mkubwa ndo vinavyojulikana kuongeza hatari ya kansa hii. Kesho asubuhi anzeni na eksirei ya bega na kipimo cha kriatinini, hivyo hata hapo Makambako mnaweza, halafu muende Mbeya na majibu mkononi.